Mzazi Katika Filamu za Vijana Waasi

Kila nitazamapo filamu inayohusu vijana walioasi, macho yangu huwatafuta kwanza wazazi, kwa sababu naamini kwamba mwongozaji humtaja kijana jina lakini huhukumu kizazi kilichomlea.

Rebel Without a Cause ya Nicholas Ray, iliyotoka mwaka 1955 wiki chache baada ya James Dean kufariki katika ajali ya gari, hukumbukwa kwa koti jekundu na kwa mashindano ya magari ya wizi kwenye ukingo wa jabali. Mimi hunikaa zaidi tukio la nyumbani: baba wa Jim, kijana anayeigizwa na Dean, akiwa amevaa aproni juu ya suti, amepiga magoti akiokota chakula alichokuwa akimpelekea mkewe, na mwanawe hawezi kustahimili kumwona katika hali hiyo. Napenda uchungu wa Jim, ila sikubaliani na filamu inapotaka tuamini kwamba nyumba imeharibika kwa kuwa mwanamume ameshika sinia, kwani kosa la baba huyo ni kushindwa kumpa mwanawe jibu la wazi anapoulizwa afanye nini.

Miaka minne baadaye, huko Ufaransa, François Truffaut alikwenda mbali zaidi katika Les Quatre Cents Coups, ambamo mvulana Antoine anaiba taipureta ofisini kwa baba yake wa kambo, na ni baba huyohuyo anayemfikisha polisi.

Sarafina!, filamu ya mwaka 1992 kuhusu wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, mwaka 1976, inamweka mzazi mahali pagumu kuliko hapo. Mama yake Sarafina, aliyeigizwa na Miriam Makeba, ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu, na binti anamwonea haya kwa unyenyekevu wake. Kisha wanafunzi wanamchoma moto askari mweusi, Sarafina anafungwa na kuteswa, na anapoachiliwa anakwenda kumtafuta mama yuleyule, safari hii akimwona kuwa shujaa aliyewalea watoto wake kwa kazi ileile iliyomtia binti haya. Utawala wa ubaguzi wa rangi haujabadilika, wala mama hajabadilika. Aliyejifunza kutazama upya ni kijana, na filamu haimlazimishi kuacha mapambano ili apate kumheshimu mzazi wake.