Mass Effect: Maamuzi Yangu Yalikwenda Wapi?

Kila mazungumzo kuhusu Mass Effect, mfululizo wa gemu za vita vya anga za juu, yanapozuka katika banda la gemu hapa Ngarenaro, lawama zote huelekezwa kwenye mwisho wa sehemu ya tatu, ile ya mwaka 2012, ambao ulimpa mchezaji milipuko ya rangi tatu na picha zinazofanana karibu kwa kila kitu. Lawama hizo ni za haki, lakini kwangu kasoro ilianza mapema zaidi.

Tangu sehemu ya kwanza ya mwaka 2007 kilichotuvuta ni ahadi kwamba maamuzi yako yangehifadhiwa na kukufuata katika sehemu zijazo. Kule kwenye sayari ya Noveria unasimama mbele ya tangi alimofungiwa malkia wa Rachni, viumbe wanaofanana na wadudu, wa mwisho wa jamii yake, na unaamua ama umwachie huru ama umwue kwa asidi. Mimi nilimwachia, baada ya kuitazama skrini kwa muda mrefu bila kubonyeza chochote. Katika sehemu ya tatu anarudi akiwa mateka wa Reaper, mashine kubwa ambazo ndizo adui mkuu wa mfululizo huu, na kumbe hata aliyemwua anakutana na malkia mwingine, wa kutengenezwa, katika misheni ile ile. Anderson naye, kamanda wako wa zamani, hata kama ndiye uliyempa kiti cha binadamu katika Baraza linalotawala galaksi, unamkuta amekiacha na Udina, yule mwanasiasa, amekikalia (Udina, jamani!).

Sisi wa Arusha tulikuwa na kero ya ziada. Asiyecheza mtandaoni na wenzake alibaki na utayari wa asilimia 50, yaani jeshi alilolikusanya kwa jasho lilihesabiwa nusu, wakati modemu zetu hazikuweza kuhimili mechi hadi mwisho. Nyongeza ya bure ya Juni 2012 ilipunguza nguvu za jeshi zilizohitajika, na toleo lililoboreshwa la mwaka 2021 likaiondoa kabisa sehemu ya mtandaoni.

Kinachoudhi ni kwamba waandishi wa BioWare, studio iliyoitengeneza, waliweza kuyapa maamuzi uzito. Katika sehemu ya tatu, kule Tuchanka, sayari ya jamii ya Krogan, kama Wrex, mwenzako wa Krogan, alikufa katika sehemu ya kwanza na data za utafiti wa tiba za mwanasayansi Maelon ukaziharibu katika ya pili, Eve, mwanamke wa Krogan, hufa, na Mordin, mwanasayansi mwenzako, ambaye kwa kawaida hupanda mnarani kufa kwa ajili ya tiba ya ugumba wa Krogan, anaweza kushawishiwa ageuke na kuondoka akiwa hai.