Zamu ya usiku haina wa kukupokea

Tangu dadangu arudi nyumbani, swali ninalopata kila mahali, kanisani, kwa ngazi za ploti, hata kwa matatu nikikutana na mtu tuliyesoma naye, ni moja tu: amepona? Mimi hujibu anaendelea vizuri, na ni ukweli, anakula, anacheka na watoto, anakumbuka birthdei za watu kuniliko. Lakini hakuna anayeuliza nani anabaki na yeye nikienda kazi. Hilo ndilo swali lenyewe na nimeamua kuliandika juu najua kuna wengi hapa Nairobi wako na mtu wao kwa nyumba na hawasemi.

Dadangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti wengine hawasikii. Alikaa wodini muda mrefu, na haikuwa mara ya kwanza, na siku ya kutoka tulipewa karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Daktari alikuwa mpole, alitueleza dawa vizuri sana, sina ubaya na yeye hata kidogo. Lakini huko wodini kulikuwa na nesi wa asubuhi, akichoka anaingia wa jioni, halafu wa usiku, kuna mlinzi kwa geti, kuna mpishi, kuna mtu wa kufua mashuka. Kazi hio yote ilipanda matatu na sisi ikakuja mtaa wa Umoja, kwa nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, na ikawa ya mtu mmoja.

Wacha nieleze kazi yenyewe juu watu hudhani ni kumeza vidonge tu. Jioni lazima ale kwanza, na huwezi kumwekea dawa mkononi ukaenda zako, unakaa hapo. Kuna siku anakataa na ana sababu zake, zile dawa zinakaza mwili, mikono inatetemeka, mate yanajaa mdomoni, unanenepa na hujala sana, sasa mtu aambiwe ameze hio miaka yote na anajisikia mzima, hata wewe ungekataa siku moja moja. Watu wakisikia mgonjwa ameacha dawa wanasema ni ukaidi na hio huniuma sana. Ndio maana nilishukuru alipoanzishiwa sindano ya kila mwezi, ile inakaa mwilini ikitoka pole pole, vita ya kila jioni ikapungua, tukabaki na kile kidonge cha kulegeza mwili ambacho hata yeye mwenyewe hukumbusha.

Halafu kuna usiku. Kwake dalili ya kwanza si kelele, ni usingizi. Akikosa kulala usiku mbili zikifuatana, anatembea sebuleni, anawasha taa anazima, anaongea chini chini na mtu mimi simuoni, najua tukikaa tu wiki moja hivi tutakuwa tumerudi wodini. Kwa hivyo nalala sikio likiwa wazi, asubuhi naingia kazini na macho mekundu na bosi anafikiria nilikuwa klabu.

Mwaka 2011 runinga za nje zilionyesha familia za hapa Nairobi zilizokuwa zinafungia watu wao ndani ya nyumba, wengine wamefungwa kamba. Nchi nzima ilishangaa na kuwalaani wale wamama. Mwaka huo huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa ripoti ikisema serikali yenyewe imetelekeza afya ya akili, lakini hio haikukaa kwa midomo ya watu kama zile picha. Mimi siwezi kumfunga dadangu, Mungu anisaidie nisifike huko, na mtu kufungwa ni kuumizwa, hilo halina mjadala. Lakini nikikumbuka wale wamama siku hizi najiuliza, siku ile mama alifunga mlango akaenda kufulia watu nguo ndio wapate unga, ni nani alikuwa amejitolea kukaa na huyo mtoto mpaka arudi? Tulimuuliza kwa nini amefunga mlango, kumshika mkono hakuna aliyefika.

Hata hapo Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo ilianza 1910 ikiwa ya wakoloni na iko Thika Road mpaka leo, kuna watu waliopata nafuu na hakuna jamaa wa kuja kuwachukua. Ni rahisi kusema hao jamaa hawana roho. Wengine labda hawana. Lakini tumelelewa tukijua mtu akiugua akili kuna mahali anapelekwa, tunalitumia jina la hospitali hata kama matusi, na venye anarudi kukaa na watu sio kitu tulifunzwa.

Sheria kwa karatasi ziko. Ile ya afya ya akili ya 1989 ilirekebishwa 2022 na sasa kaunti zinatakiwa kupeleka huduma hizi karibu na watu, sio kungoja mgonjwa alazwe. Kenya pia ilikubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2008, na kifungu cha 19 kinasema mtu ana haki ya kuishi ndani ya jamii na kupata usaidizi wa kuishi humo. Kuishi tunaishi. Usaidizi ndio nauliza. Kuna pesa ya serikali ya Inua Jamii ya wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, hupokelewa na mlezi, na siidharau juu kuna nyumba hio ndio unga, lakini haiwezi kumlipa mtu wa kukaa na mgonjwa hata wiki moja hapa Nairobi. Mimi ningeomba nesi mmoja tu wa mtaa anayepita ama kupiga simu, na mahali dadangu anaweza kushinda mchana na wenzake akifanya kitu cha maana.

Hicho kitu cha maana alikipata mwenyewe. Mama mboga wa hapa chini alizidiwa na wateja jioni moja, wote wanataka sukuma ya kukatwa, dadangu akaketi akashika kisu. Nilishuka mbio na moyo mkononi, jirani mwingine tayari alikuwa ananiuliza kama ni sawa kweli huyu kupewa kisu. Mama mboga hata hakuinua kichwa, akasema, "Mamii, wacha huyu dadako akate, ana mkono mwepesi kuniliko." Sasa hukata jioni nyingi, analipwa kidogo na pesa anaweka mwenyewe, na usiku wa siku alizofanya kazi analala fofofo. Hakuna mtu kwa familia yetu alikuwa amefikiria kumpa kazi, sote tulikuwa tunafikiria kumchunga.

Na familia wacha niwaseme kwa upendo. Tuko na grupu ya WhatsApp, mtu akiambiwa dawa zimeisha M-Pesa inaingia kabla ya usiku, nashukuru sana, sijawahi kukosa. Pesa inakuja, mtu haji. Wengine ushauri wao ni nimpeleke ushago kwa nyanya, nyanya mwenyewe anashikwa mkono akienda choo, na kliniki ni mbali. Mwingine alileta mchungaji akasema aache dawa ashike imani. Maombi tunaomba kila siku kwa hii nyumba na sindano iko pale pale.

Nawafikiria pia wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, ambao hawana hata ile wiki ya kupumzika mtoto akilazwa. Mtoto akiwa mdogo kuna shule kama Jacaranda, akishakuwa mtu mzima anarudi sebuleni, na mama anazeeka naye. Kuna mmoja kanisani kwetu ombi lake ni kwamba Mungu asimchukue yeye kabla ya mwanawe. Fikiria mama akiomba hivyo na sisi tunaitikia amina tunaenda kunywa chai.

Kwa hivyo juzi niliandika kwa grupu, sitaki pesa mwezi huu, nataka Jumamosi. Binamu mmoja amesema atakuja na nimemtumia maelezo, nayaweka hapa yatasaidia mwingine: Dawa ni saa mbili usiku, akishakula, keti naye mpaka ameze. Usiongee juu yake na watu kama hayupo hapo. Akisema anasikia sauti usibishane na usijifanye unasikia, muulize zinamsumbua kiasi gani. Akitaka kushuka kwa mama mboga mwache, usimfuate nyuma. Akikosa kulala nipigie, hata kama ni saa tisa usiku. Mimi nitakuwa kwa rafiki yangu South B, na nitakuwa nimelala.