Kutoka Mkunazini hadi Little Steeping

Jana sikuwa na zamu. Nikapakia baiskeli kwenye treni pale Boston, huku Lincolnshire, Uingereza, nikashuka Wainfleet, nikaanza kukanyaga pedali kuelekea Little Steeping. Lincolnshire ya upande huu ni tambarare kama mkeka: mitaro, mashamba, mbingu kubwa, na upepo wa bahari usio na wa kuuzuia. Niliutukana mara mbili tatu kwa Kiswahili. Kunguru tu ndio waliosikia.

Miaka minne nimekaa huku bila kujua kijiji hiki kipo. Aliyenishtua ni baba, aliyeimba kwaya kwenye kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, tangu sauti yake haijavunjika. Siku moja kwenye simu akauliza, “Hiyo Lincolnshire yako si ndiko Askofu Steere alikokuwa padri?”

Kwetu Unguja, Steere ni Mkunazini. Ndiye aliyelijenga kanisa lile. Jiwe la msingi liliwekwa sikukuu ya Krismasi 1873, miezi michache tu baada ya soko la watumwa la hapo kufungwa. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare. Na kuna zile nguzo za mahali pa ubatizo: mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Baba hukisimulia kisa hiki kana kwamba ndiye aliyekuwa akichanganya chokaa.

Kumbe kabla ya hayo yote alikuwa padri wa shamba. Huku Lincolnshire alianza Skegness, ambako watu walimsifu kuwa ni mtu wa kukunja mikono ya shati, asiye na makuu. Kisha akapewa mtaa huu mdogo wa Little Steeping. Mwaka 1863 aliondoka kwenda Afrika kwa umisionari na Askofu Tozer, ambaye naye alikuwa padri wa jirani hapa hapa, Burgh-le-Marsh. Alirudi 1868 akawahudumia tena wakulima wake, hadi 1872 Unguja ilipomwita tena. Katikati ya miaka hiyo, 1870, ndipo London ilipochapa sarufi yake ya Kiswahili cha Unguja pamoja na kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waunguja. Nilijaribu kumwona akitoka kumzika mkulima, anafuta tope la viatu, anakaa mezani kusahihisha ngeli.

Kanisa la Mtakatifu Andrea ni dogo. Jiwe lake lina rangi ya kijani iliyopauka, na pale lilipochoka limezibwa kwa matofali mekundu. Nilipitisha kidole ukutani, chembechembe zikabaki kwenye ukucha kama mchanga wa pwani. Mwaka 1912 lilikarabatiwa kwa kumkumbuka Steere.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikiwa nachungulia dirishani akaja mama mmoja mzee na mbwa wake, akauliza kama nimepotea. Pengine alidhani mengine, sikumchimba. Nilipotaja Zanzibar uso ukafunguka. “Alikokwenda askofu wetu!” akasema, akarudi nyumbani kuleta ufunguo.

Askofu wetu. Nilitaka kumwambia kwamba ni wetu sisi, tumemzika sisi.

Ndani mlikuwa na baridi kuliko nje. Tulikaa benchi la nyuma. Alinieleza kwamba siku hizi padri ni mmoja kwa makanisa chungu nzima, kwa hiyo ibada huja kwa zamu, kama mimi na kazi yangu. Ila habari aliyokuwa nayo moyoni ni ya mto. Juni 2019 kingo za mto Steeping zilibomoka huko chini, watu wa Wainfleet wakahamishwa majumbani, helikopta za jeshi zikawa zinadondosha mifuko ya kokoto kuziba pengo. Kuhusu Steere alikuwa na sentensi mbili. Mto ulichukua nusu saa.

Nikamuuliza kama anajua hadithi zile. Hajawahi kuzisikia. Basi nikamsimulia, kwa Kiingereza changu, kisa cha kima na papa: kima anasema moyo ameuacha nyumbani, halafu punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Alicheka mpaka mbwa akasimama. Lakini mimi nilikuwa nawawaza waliomsimulia Steere, barazani au popote walipoketi naye. Yeye amepata kanisa zima la kumkumbuka. Wao wamepata nini?

Jioni nikampigia baba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umefika?”

Nikamweleza yote: jiwe la kijani, mama wa mbwa, mto. Alisikiliza kimya, kisha akauliza jambo moja tu.

“Na huko kwao nguzo wamezisimamisha sawasawa?”

Sikuwa nimeangalia.