Beit al-Ajaib imeniumiza kuliko nilivyotarajia

Ndugu zangu wa Mji Mkongwe, picha zote za jumba la Beit al-Ajaib lilivyoporomoka nilizitazama nikiwa Uingereza na hazikunisaidia kitu. Nimerudi Unguja, nimefika Forodhani, nikainua macho kutafuta saa ya mnara wake. Hakuna saa, hakuna mnara. Wallahi miguu iliniisha nguvu.

Jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883! Lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, sehemu yake kubwa ikaja kuporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, na watu 2 wakafariki. Mizinga ilishindwa, maji na uzembe vikaweza.

Kinachonichoma zaidi ni Colchester, mji wa Uingereza nilikoishi. Mwaka uleule wa 1883 wao walimaliza mnara wa maji wa matofali, wakaupa jina la Jumbo, yule tembo wa bustani ya wanyama ya London. Kasisi jirani aliuchukia kwa kuifunika nyumba yake. Maji hautoi tena tangu miaka ya 1980, na bado umesimama, pembeni ya lango la Kirumi la Balkerne.

Msidhani wale ni malaika. Ngome yao, iliyojengwa na Wanormani katika karne ya 11 juu ya msingi wa hekalu la Claudius, kaisari wa Roma, mwaka 1683 iliuzwa kwa mtu aliyetaka kuivunja auze mawe. Alibomoa sehemu ya juu, kazi ikamshinda. Leo ni makumbusho, watoto wa shule wanapishana mlangoni. Kanisa la St Botolph lilivunjwa katika vita vya Waingereza vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1648. Magofu yake yameachwa wazi na watu wanapumzika humo mchana. Kwa hiyo kutunza si damu ya Kizungu, ni uamuzi, na sisi tulichelewa kuuamua.

Unayejiandaa kurudi, ukikuta nyumba ya familia ina nyufa, usimruhusu fundi aipake saruji. Kuta zetu ni mawe na chokaa, zinahitaji kupumua. Saruji inafungia unyevu ndani na ukuta unaoza taratibu. Tafuta fundi wa chokaa. Anza na paa, kwa sababu boriti huozea pale zinapoingia ukutani, mahali usipopaona. Na mkishindana juu ya mirathi, zibeni kwanza panapovuja, mahakamani mtakwenda baadaye.