Visima Vingapi?

Mwaka 2008 nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, idara ya maji ya wilaya moja kanda ya kati, ripoti ya robo mwaka ya kupeleka kwa wafadhili ikatupiwa mimi. Kiingereza changu nilikiamini. Kidato cha sita nilipata A, na ofisi nzima ilijua, maana sikuchoka kuwakumbusha.

Ukurasa wa pili ulianza hivi: "A number of boreholes has been drilled." Niliisoma mara tatu, nikaona imenyooka. "A" ni moja, "number" ni moja, basi "has". Kompyuta nayo haikuniwekea hata kamstari ka kijani.

Nikampelekea mzee wetu, fundi sanifu mkuu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti."

Alisoma akisogeza rula chini ya kila mstari, mazoea ya watu wa ramani. Rula ikasimama.

"Hii kwa Kiswahili unaisemaje?"

"Visima kadhaa vimechimbwa."

"Mbona hukusema idadi imechimbwa?"

Nikacheka. Idadi inachimbwaje?

"Basi habari hapa ni ya visima. Weka 'have'."

Akashuka mistari minne, kwenye "The number of water users have increased", akauliza vilevile. Idadi ya watumiaji maji imeongezeka, nikamjibu. Mdomo ulisema "imeongezeka", si "wameongezeka", hata kabla sijafikiri.

"Hapo sasa idadi ndiyo mwenye nyumba. Ile 'has' yako ilitakiwa ikae huku."

Kumbe zote mbili nilikuwa nazo, nimezipishanisha tu! Shuleni tulikaririshwa nyakati za vitenzi mpaka tukawa tunaziota, lakini sikumbuki mwalimu aliyetuambia tukiulize Kiswahili kwanza.

Nikajua tumemaliza. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi, akaikandamiza kwa rula.

"Visima vingapi?"

"Kumi na kimoja, mzee."

"Vinavyotoa maji?"

Hapo nikapunguza sauti. "Saba."

Akang'oa kifuniko cha kalamu nyekundu, akaikata "A number of" yote, pamoja na ile "have" tuliyoihangaikia dakika kumi. Pembeni akaandika 11, chini yake 7, akanirudishia.