Redio ya intaneti ilikuwa ikikatakata kwenye kompyuta kuukuu: nilivyoitatua

Kompyuta yenyewe ina RAM ya GB 2 na Windows 7. Redio ilisikika hivi: neno, kimya, maneno mawili, kimya. Intaneti haikuwa na kasoro, maana simu kwenye Wi-Fi ile ile ilicheza kituo hicho hicho bila kusita.

Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kinachotumia nguvu za kompyuta, ilionyesha kivinjari kinakula karibu prosesa yote. Sauti haikuwa mzigo. Mkondo (sauti inayotiririka kutoka kituoni) wa kbps 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, hutumia kama MB 58 tu kwa saa. Mzigo ni ukurasa wenyewe na matangazo yake yanayochezacheza. Basi nikaachana na kivinjari.

Vituo vingi hutoa faili la .m3u au .pls. Lifungue kwa Notepad, utakuta ni maandishi matupu yenye anwani ya mkondo. Nilinakili anwani hiyo, nikafungua VLC, programu ya kuchezea sauti na video, nikabonyeza Ctrl+N kufungua dirisha la mkondo wa mtandao na kuibandika. Prosesa ikatulia papo hapo. Mikatiko michache iliyosalia iliisha nilipopandisha Network caching, mpangilio wa VLC wa kiasi cha sauti kinachohifadhiwa kabla ya kuchezwa, kutoka milisekunde 1000 hadi 5000. Redio inachelewa kidogo kuanza, lakini kwangu hilo si neno.

Kituo kimoja cha https, yaani chenye anwani inayolindwa kwa cheti cha usalama, kiligoma kabisa. Kumbe tarehe ya kompyuta ilikuwa imerudi 2009! Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama, inayotunza saa kompyuta ikizimwa, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila cheti cha usalama kilionekana hakijaanza kutumika. Nikaweka betri mpya, nikarekebisha saa, kikafunguka.