Deni la maegesho lisilo langu

Jamani, leo nimetoka ofisi ya ushuru wa maegesho hapa Dodoma kwa mara ya tatu, na deni limefutwa!

Wiki mbili zilizopita niliangalia kwenye simu nikakuta nadaiwa shilingi 13,500, ushuru pamoja na faini, eti niliegesha karibu na Nyerere Square siku nne mfululizo. Siku hizo zote pikapu yangu ilikuwa gereji Kibaigwa, gia boksi iko chini, namsubiri fundi.

Mara ya kwanza kijana wa dirishani aliniambia, "Mama, lipa kwanza, malalamiko baadaye." Iliniuma sana. Hela si nyingi, lakini ukishalipa umekubali kosa. Nikakataa. Mara ya pili mhusika hayupo.

Leo nimebeba kadi ya gari na risiti ya gereji yenye mhuri na tarehe. Dada mmoja akanipokea, "Shikamoo mama, hebu tuangalie." Akafungua picha. Gari dogo jeupe! Kibao cha namba kimejaa vumbi jekundu, mstari wa chini wa herufi E umefunikwa kabisa, inasomeka F. Yangu ndiyo F.

Kafuta palepale, nikamwomba na karatasi ya uthibitisho. Mungu ambariki.

Ila baba mmoja wa bajaji nyuma yangu kwenye foleni, naye akilalamika deni si lake, alilipa tu. Alisema hawezi kupoteza siku nyingine ya kazi.